Sahihi ya Kushuka

Dzaleka, Jumatatu 4 Agosti 2025

Mwanangu Merveille,

Barua hii inakuja na Mama Solange wa ushonaji, ndani ya kikapu chake cha sare za shule. Usimkawize, maana akikosa minibasi ya kurudi Lumbadzi atanisema wiki nzima. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilikaa miaka kumi na tisa katika chumba cha uendeshaji cha kituo cha umeme kule Bukavu, na huko jambo lililosemwa kwa simu bila kuandikwa lilihesabiwa kuwa halijasemwa. Mwenzako akikutumia ujumbe, kwanza unaurudia, kisha ndipo unajibu. Nimekulea hivyo, na kwa umri huu sibadiliki tena.

Habari yenyewe ni kwamba mtambo wetu wa upepo unazunguka. Umesimama kilimani nyuma ya kanisa. Mapanga yake matatu nimeyachonga mwenyewe, na jenereta nimeifunga kwa sumaku za spika mbovu ambazo vijana wa kwaya walikuwa wanataka kuzitupa. Upepo wa Agosti ukivuma vizuri, sindano ya mita inasoma volti ishirini na nane. Siku ya kwanza mchungaji aliomba sala ndefu, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikavuta waya mita mia nne hadi kwenye chumba cha ushonaji.

Huko mwisho wa waya nikapima nikapata volti kumi na moja. Taa ilikuwa nyekundu kama kaa la moto linalozimika, na cherehani ya umeme ikanguruma kidogo ikakaa kimya. Mama Solange akaitazama, akanitazama, akasema, "Papa Télé, hii courant yako inachoka mu njia."

Na ni kweli, imechoka njiani. Waya mrefu unakula volti, na kadiri ampea zinavyokuwa nyingi ndivyo unavyokula zaidi. Hata mtoto wa mwaka wa kwanza wa ufundi anajua dawa yake: pandisha volti mwanzoni ili ampea zipungue, zisafiri, kisha zishushwe mlangoni pa mtumiaji. Tukipeleka kwa volti mia mbili na arobaini, kazi yote ya akina mama itapita kwa ampea moja hivi, na njiani zitapotea volti tano au sita tu. Lakini maisha yangu yote umeme ulinifikia ukiwa umeshapandishwa na watu wa bwawani Ruzizi. Sikuwahi kukaa mwanzo wa laini. Nimezeeka nikiwa mtu wa kupokea, na aibu hii nimeipata mbele ya kanisa zima.

Basi naomba unifungie transfoma mbili, moja ya kupandisha kutoka ishirini na nne hadi mia mbili na arobaini, nyingine ya kushusha. Hapa kambini sina vyuma wala waya wa koili.

Papa Télé


Lilongwe, Alhamisi 7 Agosti 2025

Papa Télé mpendwa,

Nimepokea: volti ishirini na nane kilimani, kumi na moja kwa akina mama, mita mia nne za waya, transfoma mbili, moja ya kupandisha na moja ya kushusha. Umeridhika? Nilicheka peke yangu mpaka tajiri wangu akachungulia kutoka dukani. Mzee aliyetunza umeme wa mji mzima amesahau transfoma! Nitakutania kwa hili mpaka uzeeni kwangu.

Kazi nitaifanya. Hapa Old Town watu wanatuletea stabilaiza zilizoungua kila siku, na tajiri amenipa mbili zenye vyuma vizuri. Nitafunga mizunguko tisini upande wa volti ndogo na mia tisa upande wa volti kubwa, niongeze michache kwa ajili ya kile kinachopotea. Nafanya baada ya kumaliza mota za wateja.

Ulipoandika habari za Ruzizi nilikumbuka baraza ya ile nyumba yetu ya shirika. Jioni nilikuwa nakaa na mama tukitazama Kadutu ikiwaka taa, mtaa baada ya mtaa, na nyingine zikionekana tena chini ziwani. Nilidhani baba yangu Rodrigue ndiye anapita akiziwasha moja moja kwa mkono. Nilikuwa mtoto wa miaka mingapi? Sita labda. Chilinde hapa ninapolala taa zipo nyingi, lakini hakuna ninayemjua aliyeziwasha.

Sasa nikuambie jambo langu. Unamjua Mphatso, yule fundi wa friji, ambaye kwetu tungemwita Cadeau, zawadi. Wajomba zake wamekubali. Wanataka kuja kufanya chinkhoswe, uchumba rasmi wa kwao, Jumamosi ya tarehe ishirini Septemba, na desturi yao inafanyikia nyumbani kwa msichana. Mimi nyumbani kwangu ni kwako Dzaleka, sina pengine. Wao wataleta jogoo, sisi tutatoa mtetea. Na kila upande lazima uwe na ankhoswe, yaani mzee anayesimama kwa ajili ya mtoto. Huyo ndiye anayejibu ukoo ukiulizwa, na nyumba ikipata matatizo baadaye ndiye anayeitwa. Hata sikufikiri mara mbili. Ankhoswe wangu ni wewe.

Kuhusu nguzo za kupitishia waya: magoti yako yanajulikana, kwa hiyo nitakuja mimi nipande. Usiogope, sitakuwa kama baba. Mimi nahesabu koleo zangu kabla sijashuka, na nasaini nikiwa nimeshuka kweli. Hapa karakana wananicheka kwamba koili moja naikagua mara tatu. Hawajui nimezaliwa na nani.

Binti yako,
Merveille


Dzaleka, Jumatatu 11 Agosti 2025

Mwanangu,

Nimepokea: vyuma vya stabilaiza, mizunguko tisini na mia tisa. Ni sawa. Funika koili kwa karatasi nzito kati ya pande mbili, usihurumie karatasi.

Umenikumbusha taa za Kadutu. Nikuambie ambacho wewe kutoka barazani usingekiona. Mimi nilikuwa na sindano ya volti mbele yangu, na kwa sindano hiyo niliuona mji wote unavyoishi. Saa kumi na mbili jioni akina mama waliweka masufuria kwenye réchaud, majiko ya umeme, sindano ikaanza kushuka polepole, nami nikajua leo ni maharage, maana haikupanda tena mpaka saa mbili. Siku sambaza, dagaa wetu, zilipokuwa nyingi ziwani ilishuka kidogo tu ikarudi. Jumapili asubuhi zilikuwa pasi za watu wa misa. Ikishuka mno nilimpigia mwenzangu wa bwawani aongeze, au nilipandisha transfoma hatua moja, na nyumba za mwisho wa laini, zile za juu kabisa kilimani, zikapata na zenyewe. Hakuna aliyejua. Mtu aliona tu chai yake imechemka.

Kila saa niliandika namba katika daftari kubwa lenye jalada la kijani. Asubuhi mafundi wa laini walipita kuchukua kibali, na baba yako aliingia wa mwisho sikuzote, akipiga mluzi, viatu vina tope, na alikuwa na mkate mfukoni ambao tuligawana. Harufu ya mafuta ya transfoma ikichanganyika na mvua bado naisikia. Nikiambiwa nichague siku moja ya kurudi, sitachagua sikukuu. Nitachagua asubuhi ya kawaida ya kazi, mwaka wowote kabla ya ule wa 2009.

Nguzo hupandi. Nitatafuta mtu mwingine.

Kwa ajili ya wageni wa Septemba, Mzee Sinzinkayo wa kanisa letu ni mtu wa maneno mazuri na anajua Chichewa kuliko mimi. Nimefikiri yeye angefaa kuwa ankhoswe.

Papa Télé


Lilongwe, Alhamisi 14 Agosti 2025

Papa Télé,

Nimepokea: karatasi nzito, nguzo sipandi, ankhoswe awe Mzee Sinzinkayo.

Transfoma ya kwanza iko kwenye kikapu cha Mama Solange, chini ya vitambaa. Ni nzito, mwambie samahani.

Barua yako niliisoma mara nne. Umeandika ukurasa mzima wa maharage na pasi, na jambo ambalo ni maisha yangu umelipa mistari miwili mwishoni. Mzee Sinzinkayo ni mtu mwema. Alifika kambini mwaka juzi. Ananiita Gabriella. Atawajibu nini wajomba wa Mphatso?

Nimejiuliza sababu ni nini. Kama ni kwa kuwa Mphatso si mtu wetu, sema. Huyu kijana alikuja Dzaleka na kabaza, baiskeli ya abiria, kutoka Lumbadzi kwenye mvua ili akusalimie, ukamlisha ugali, akauita nsima mkacheka wote wawili. Sidhani ni hilo.

Nadhani ni lile la nguzo. Ulikuwa unanifundisha kuunganisha waya tangu nina miaka kumi na nne, lakini hujawahi kuniruhusu kupanda hata ngazi ya kanisa. Unaona damu ya baba kwangu. Unaogopa nitasaini kwamba nimeshuka kisha nirudi juu kufuata koleo, kama yeye, nife mikononi mwako. Na kusimama mbele ya watu ukasema huyu ni mtoto wa Rodrigue, yule fundi aliyekufa kwa uzembe wake mwenyewe, kunakutia haya.

Sikulaumu. Mama mwenyewe alikuwa hivyo. Alikuwa na siku tatu za kuishi, pale kwenye kliniki ya kambi, nikamwuliza kama anamkumbuka baba. Akaniambia, "Baba yako alitupenda, lakini alikuwa mutu wa haraka. Haraka yake njo ilitufikisha huku." Kisha akageukia ukuta. Ndilo neno la mwisho nililopata kwake juu ya baba yangu. Nimelibeba hadi leo kila ninaposhika koili.

Ila wewe nilidhani ungenisimamia hata hivyo. Nijibu jambo moja tu: ni kwa sababu ya baba, au siyo?

Merveille


Dzaleka, Jumatatu 18 Agosti 2025

Merveille,

Nimepokea transfoma moja. Nimeipima, imetoa volti mia mbili thelathini na nane. Koili imelala vizuri.

Swali lako pia nimelipokea. Ni kwa sababu ya baba yako, lakini siyo kama unavyofikiri. Nipe wiki moja.

Télesphore


Dzaleka, Jumatatu 25 Agosti 2025

Mwanangu Merveille, kama baada ya hii bado utataka nikuite hivyo,

Nimeandika barua hii mara sita. Nitaiandika kama tulivyokuwa tunaandika daftarini, kwa mfululizo, bila kupamba.

Sheria ya kituo chetu ilikuwa hivi. Fundi anayetoka kwenda kwenye laini anasaini kwenye daftari la kijani, na mimi nazima laini hiyo. Akimaliza, anarudi mwenyewe, anasimama mbele yangu, anasaini kwa mkono wake kwamba ameshuka. Sahihi hiyo tuliiita sahihi ya kushuka. Bila hiyo laini haiwashwi, hata akipiga simu mkurugenzi. Kisanduku kikiwa kitupu, mtu yuko juu.

Tarehe kumi na moja Desemba 2009, saa nane mchana, mvua ilikuwa kubwa na laini ya Kadutu ilikuwa imekatika. Baba yako alisaini akatoka na dereva peke yake. Mlangoni aliniambia kama alivyoniambia kila siku, kwa mzaha, "We usiwashe mpaka unione sura." Ilipofika saa kumi simu zilikuwa haziishi. Hospitali jenereta yake ilikuwa imegoma. Mkuu wangu alikuwa ananifokea kwenye simu moja, na kwenye nyingine daktari alikuwa ananisihi. Ndipo gari ya laini ikaingia uani. Dirishani, kupitia maji ya mvua, nikaona koti la manjano la Rodrigue likishuka kwenye gari na kukimbilia stoo. Nikasema, haya, amerudi, atakuja kusaini akishajifuta. Nikawasha.

Koti lilikuwa la Rodrigue. Aliyelivaa alikuwa dereva. Baba yako alikuwa amelivua na kumpa, kwa sababu dereva alikuwa na homa, na alikuwa amemtuma stoo kufuata kikombe kipya cha nguzo, kile kinachoshika waya, maana kimoja kilikuwa kimepasuka. Yeye alibaki juu ya nguzo kwenye mvua akiwa na shati tu, anamsubiri. Hakuwa ameshuka. Hakuwa na sababu ya kushuka, kazi yake ilikuwa haijaisha na kisanduku chake kilikuwa kitupu. Alifanya kila kitu sawasawa.

Nilijua kabla simu haijaja. Sindano ilicheza, swichi ikaruka yenyewe.

Kisha nikafanya hili jingine, ambalo ni baya kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa kosa. Hili nililifanya nikiwa na akili zangu, mlango umefungwa, kabla mkuu hajafika. Nilichukua kalamu nikasaini jina la Rodrigue kwenye kisanduku kitupu, nikaandika saa tisa na dakika hamsini. Sahihi yake nilikuwa nimeiona kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Hakuna aliyeiangalia mara mbili. Dereva aliogopa kazi yake akasema yeye hajui lolote. Wakuu wakaandika kwamba fundi alisaini ameshuka kisha akarudi juu bila ruhusa, huenda kufuata koleo. Kwamba ni uzembe wake. Kwa neno hilo mama yako hakupewa kitu, na nyumba ya shirika mliambiwa muihame kwa siku kumi na nne. Mimi ndiye niliyewabebea vitanda.

Sikuwa na ujasiri wa kwenda jela. Baadaye vita vikatutawanya, na mwaka 2013 nilipofika Dzaleka nikamkuta Dévote, mama yako, kwenye foleni ya unga, na wewe umemshika kitenge. Nilidhani Mungu amenipa nafasi ya kusema. Badala yake nilimbebea gunia. Kila nilipowasaidia alinishukuru, na kila aliponishukuru mdomo wangu ulifungika zaidi. Alipokufa ulianza kuniita Papa. Tangu siku hiyo niliogopa kitu kimoja tu duniani, kwamba utaacha kuniita hivyo. Ndiyo maana nilinyamaza. Sina sababu nyingine iliyo bora kuliko hii.

Sikutaka upande nguzo kwa sababu sijiamini mimi nikiwa chini. Na siwezi kusimama mbele ya wageni kuwa baba mahali pa mtu niliyemwua, nikamchafulia na jina.

Huna haraka katika damu yako. Hukuirithi kwa mtu yeyote.

Télesphore


Dzaleka, Jumatatu 8 Septemba 2025

Merveille,

Sijapokea kitu, na sikuandika ili nidai jibu. Ijumaa mbili zilizopita nilimngoja Mama Solange pale kituo cha minibasi, na mara zote mbili alinionyesha kikapu kitupu. Mara ya pili alisema, "Papa Télé, hana barua. Anafanya kazi tu, hata haongei." Nikashukuru kwa kujua kwamba unafanya kazi.

Mama Solange aliniuliza kuna nini kati yetu. Nikamwambia yote. Alichukua kikapu chake akaondoka, na siku mbili alipita mbele ya mlango wangu bila salamu. Leo jioni amekuja mwenyewe kuuliza kama nina barua ya kupeleka kesho. Ndiyo maana naandika.

Laini haijasimama. Mtambo nimeufunga kamba usizunguke bure. Akina mama wamerudi kwenye cherehani za miguu na hawanilaumu, wanadhani ninangoja transfoma ya pili.

Wageni wa tarehe ishirini nitawafagilia uwanja, na kuku mtetea nimempata. Nitakuwa kwa jirani siku hiyo, nyumba iwe yako na Mzee Sinzinkayo. Kama umeahirisha, niambie tu kwa mdomo wa Mama Solange.

Télesphore


Lilongwe, Alhamisi 11 Septemba 2025

Papa Télé,

Nimepokea: baba hakushuka. Baba hakusaini. Koti alimpa dereva mwenye homa. Sahihi ni yako.

Siku niliyosoma barua yako nilikwenda kazini kama kawaida. Nilikuwa nafunga transfoma yako ya pili, nikapoteza hesabu kwenye mzunguko wa mia tatu na kitu. Nikafumua, nikaanza upya, nikapoteza tena. Mara nne. Tajiri akaninyang'anya akaniambia nikanywe maji. Jioni nilimwonyesha Mphatso barua, nikamtafsiria sentensi moja moja, na kutafsiri ndiko kulikoniuma kuliko kusoma. Yeye alisema tuahirishe. Nikamwambia nitafikiri.

Nina hasira, na nataka uijue ilivyo. La nyumba naweza kulimeza, nilikuwa mtoto, nyumba ni nyumba. Hata la swichi, nimekaa na mashine za kutosha kujua mkono unavyoweza kumtangulia mtu. Hasira yangu ni ya mama. Alikaa miaka tisa bila kutaja jina la mumewe. Picha yake aliigeuza ndani ya Biblia. Alilala karibu na mlango wako, akala unga uliombebea, akafa amemnunia mtu ambaye alikuwa anamngoja dereva kwenye mvua. Ungemwambia hata siku ile ya kliniki. Ulikuwa umekaa nje kwenye benchi, nilikuona. Hilo huwezi kulirudisha na mimi sitakuambia limepita.

Kwa hiyo sijakusamehe. Siku nitakayokusamehe nitakuandikia, na tarehe nitaweka.

Lakini juma lililopita kuna kitu kilitokea. Nilikuwa nimeshamaliza koili ya mteja, nimeikagua mara moja, mara ya pili, na nimeanza ya tatu. Nikasimama katikati. Nikajiuliza hii ya tatu namfanyia nani. Miaka yote nimekuwa nakimbia kitu ambacho hakikuwepo. Baba alikaa juu kwa sababu kazi haikuisha, na kisanduku chake kilikuwa kitupu kama sheria ilivyotaka. Nikaiweka koili mezani, nikatoka nje, nikakaa kwenye kizingiti cha duka kati ya wauza nyanya wa Old Town nikalia, na mama mmoja akanipa machungwa akasema zikomo, asante, kana kwamba mimi ndiye niliyempa yeye. Nililia kwa furaha, Papa Télé. Naona aibu kuandika hivyo kwenye barua hii, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nimempata baba yangu, na wewe ndiye uliyekuwa umemficha.

Transfoma ya pili anayo Mama Solange. Nimeipima, imetoka vizuri. Akina mama wasingoje kwa sababu yetu. Jumatatu baada ya sherehe nitabaki Dzaleka na nguzo nitapanda mimi. Utafungua daftari, jipya, na mtambo utakaa umefungwa kamba mpaka nishuke nikasaini mbele yako. Utaweza. Ukishindwa kusimama hapo chini, tutajua, lakini nadhani utaweza.

Sikuahirisha chinkhoswe. Wajomba wa Mphatso ni watu saba, watafika saa nne. Mzee Sinzinkayo atafsiri Chichewa, basi. Kwa jirani huendi. Nimefikiri wiki nzima ni nani mwingine aliye hai aliyemwona baba yangu akiwa kazini, aliyejua mluzi wake na mkate wake na jinsi alivyokuwa anaingia wa mwisho. Dereva sijui kama yuko. Mama hayupo. Umebaki wewe peke yako, na sina namna ya kumpata Rodrigue isipokuwa kupitia mdomo wako.

Watauliza, kama desturi yao ilivyo, baba wa msichana alikuwa mtu wa namna gani. Utasimama uwaambie yote, na la sahihi pia, uwaambie iliandikwa na nani. Mimi nitakuwa nimekaa mkekani nasikiliza. Nina miaka ishirini na sita, na sijawahi kusikia mtu akimsifu baba yangu mbele za watu.

Merveille,
binti wa Rodrigue